Wiki Nane za Shangazi

Risala ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Biolojia, kwa Mkuu wa Chuo, siku ya kuonyesha miradi ya utafiti

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo chetu, Mkuu wa Idara, walimu wetu, wazazi na walezi mliofika: tumesimama mbele yenu wanafunzi thelathini na sita, tumechana nywele, na furaha tuliyo nayo haifichiki.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu sana maabara. Tunajua umeacha vikao ukaja kutazama mende wetu na ukungu wetu wa mkate, na hilo si jambo dogo. Harufu unayoisikia ni ya spiriti na panya wa utafiti. Madirisha yako wazi tangu alfajiri, lakini imekataa kutoka.

TULIKOTOKA

Tulianza arobaini na mmoja; watano walihamia masomo mengine. Siku ya kwanza tulisomewa masharti ya shahada: kozi thelathini na mbili, takwimu zikiwemo, mradi wa utafiti, na wiki nane za mafunzo kwa vitendo nje ya chuo. Tukapiga makofi, maana tulikuwa hatujui tunachopigia. Nyuma yetu mhudumu wa maabara alikuwa akifuta meza. Alipomaliza alikunja tambara lake, akavua koti la bluu, akavaa jeupe, akaja kuketi nasi. Tukadhani mama wa watu kapotea njia. Kumbe naye kaandikishwa, katika mwaka wake wa kumi na tisa wa kuosha vyombo vya maabara hii.

Ndiye huyu tunayemwita Shangazi. Alituambia baadaye kwamba viti hivi alikuwa amevifuta miaka yote na hajawahi kukalia hata kimoja. Yupo safu ya pili, na sasa hivi anatukazia macho tunyamaze.

TULIYOVUKA

Tumevuka mengi. Jenetiki ilitutoa kijasho chembamba. Siku ya kupasua chura, mwenzetu mmoja alizimia, chura akabaki anamtazama. Leo mwenzetu huyo ana mradi mzuri sana wa mimea, na chura hataki hata kumsikia.

Takwimu zilimwangusha Shangazi mara ya kwanza. Alifika nyumbani akakaa chini, akamwambia mumewe, "Basi. Naacha, nisijidhalilishe na watoto."

Mumewe ni fundi cherehani. Alimjibu bila kuinua kichwa: "Kiwiko cha koti lako jeupe nimeshakishona. Ukiacha, utalivaa wapi, jikoni?"

Shangazi alicheka, akarudia mtihani, akafaulu. Kisha akatufundisha takwimu wengine kumi na wanne, na wote tukapita. Lililotufunza zaidi, hata hivyo, halimo katika mtaala. Kila somo la vitendo likiisha, sisi tulikuwa tukibeba mabegi. Yeye alikuwa akibadilisha koti na kuosha bika za kioo tulizochafua sisi pamoja na aliyochafua mwenyewe. Ilituchukua muhula mzima kuona haya. Tangu hapo kila mtu anaosha chake.

LILILOBAKI

Mgeni rasmi, sisi thelathini na tano tumetimiza masharti yote. Shangazi amebakiza moja tu: zile wiki nane. Ameomba ruhusa mara mbili, na mara zote mbili amejibiwa, kwa heshima na kwa muhuri, kwamba hakuna wa kumshikia kazi. Hatumlaumu mtu, kwa sababu ni kweli tupu. Likizo yake ya mwaka huishia kwenye mitihani. Bila wiki hizo jina lake halisomwi siku ya mahafali. Na mwakani maabara itamhitaji vilevile, na mwaka utakaofuata, na mwingine tena.

Baadhi yetu tulitaka tuombe asamehewe sharti hilo. Miaka ishirini na moja ndani ya maabara, jamani, haitoshi? Alipopata habari alituita pembeni akatupa vidonge vyetu.

"Masharti ni masharti," alisema. "Mimi nimewarudisha wangapi mlangoni kwa kukosa koti? Nikisamehewa, hiyo shahada nitaionea aibu."

Kwa hiyo msamaha hatuombi.

OMBI

Mwezi mzima uliopita tumekuwa tukijifunza kazi yake kimyakimya: kulisha panya, kuchanganya rangi za kupaka seli, kuosha vioo vya darubini bila kuvikwaruza. Alishangaa. "Mna nini siku hizi, mbona mnanifuata kama vifaranga?" Tukamwambia tunajiandaa na mitihani. Tulimdanganya, na tunamwomba radhi hapa hapa mbele ya watu.

Fundi sanifu wa maabara ametupima, na hana huruma yule. Tumefaulu kumi na saba. Mwenzetu anayeongoza darasa alivunja bika mbili, amepangiwa kudeki. Fundi sanifu amekubali kutusimamia, zamu zimeandikwa na kusainiwa, na karatasi iko mezani mbele yako. Malipo hatutaki. Hospitali ya jirani iko tayari kumpokea Shangazi, na atakayemsimamia huko aliwahi kuwa mwanafunzi hapa. Ni Shangazi aliyemfundisha kushika darubini.

Mahafali ni baada ya wiki kumi, na sisi hatuna kazi nyingine ila kuyangoja. Tunaomba ruhusa ya Shangazi ianze Jumatatu.

Mwenyezi Mungu akupe afya njema, awabariki walimu wetu na nyumba zao, na awalipe wazazi wetu kwa kila walichojinyima kwa ajili yetu.

Jumatatu, saa moja asubuhi, tutafungua maabara hii. Tunaomba tusimkute.

Ni sisi, wanafunzi thelathini na tano wa mwaka wa tatu wa Biolojia, na mmoja ambaye hakuulizwa.