Barua Tano Kuhusu Chumvi

Yahusu: Malalamiko ya Tano Kuhusu Ubora wa Chumvi ya Maabara. Hiyo ndiyo karatasi ya mwisho aliyoiandika marehemu dada yetu Roselyne Mumbua, ina mihuri miwili na nafasi ya wa tatu, na familia imeomba historia yake ianzie hapo.

Mumbua alizaliwa tarehe 9 Juni 1986 huko Mutomo, Kitui, mtoto wa tatu kati ya watano, akamaliza sekondari mwaka 2004, akasomea kazi ya maabara Nairobi, akahudumu hospitalini tangu 2010 hadi Septemba 2019 alipokuja Doha. Tarehe 13 Aprili 2013 alifunga ndoa na Japheth, wakajaliwa Stacy mwaka 2015 na Collins mwaka 2018.

Hapa Doha kazi yake maabarani ilikuwa kuunda nyama isiyotoka kwa mnyama, yaani matone ya jeli yaliyounganishwa kama shanga, yanayopitisha umeme kwa chumvi badala ya waya, hata chembe hai za moyo zikiguswa nayo zipige pamoja. Mama yake alipoelezwa kwa simu alisema, "Kumbe nilisomesha mtu akapike jeli!"

Januari 2024 mchangiaji damu hakutokea, Mumbua akakunja mkono wa nguo, mwenzake Ronnie akamtoa damu, ikaandikwa Mchangiaji Namba Saba, na chembe za damu hiyo zikageuzwa maabarani kuwa chembe za moyo, zenye urithi uleule wa mwenye damu. Aprili mwaka huu chembe hizo zilianza kupiga kivivu, zikiruka mapigo. Mumbua akailaumu jeli, akaipika upya mara kumi na moja, kisha akailaumu chumvi, akaiandikia stoo: barua ya kwanza ikapokelewa, ya pili ikapotea, ya tatu ikarudishwa kwa kukosa muhuri, ya nne ikajibiwa kwamba ya tatu inashughulikiwa. Ronnie alimtania, "We Mumbua, mbona wagombana na chumvi kama mke mwenza?" Mumbua naye akipanda ngazi alihema, akasema ni joto la Doha.

Jumapili tarehe 2 Novemba 2025 alianguka stesheni ya metro, West Bay, akalazwa, na Alhamisi tarehe 6, saa nne asubuhi, akafariki kwa kulegea kwa misuli ya moyo, ugonjwa ambao madaktari walisema hurithiwa. Kesho yake Ronnie alifika nyumbani Al Rayyan, akakaa bila kugusa chai, ndipo akamwambia Japheth Mchangiaji Namba Saba alikuwa nani. Jeli haikuwa na kosa, wala chumvi. Juzi stoo iliiridhia barua ya tano.

Kwa hiyo ndugu zake wanne, mnaotusikiliza kwa simu kutoka Mutomo, msilichukue hili kama tanzia tu, nendeni mkapimwe moyo wiki hii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku nne, majirani wa Al Rayyan waliowalisha watoto, na wenzake wa maabara, Ronnie akiwemo, ambaye familia haimdai neno.

Pumzika, Mumbua, amani ya Mungu ikufunike. Watoto walipimwa Jumanne: Collins ni mzima, Stacy anao ugonjwa, na dawa ameanza.