Ukijani wa Bwawa Shingoni Mwangu

Akina mama na ndugu zangu, nimefurahi mpaka naogopa nitalia kabla sijaanza. Mnaniona, mimi ni albino. Jua la Endebess halijawahi kunihurumia.

Mnajua desturi yetu ya kupalilia mahindi kwa zamu, leo kwako, kesho kwa jirani. Mimi nilikuwa naachwa jikoni. Chai yangu mliisifu, lakini niliona aibu. Nilitaka kushika jembe kama wengine.

Siku moja mwalimu mmoja wa baiolojia akatueleza hapa mkutanoni ati ule ukijani unaoelea bwawani hujitengenezea kinga ya jua, na wataalamu wanatafuta jinsi ya kuitia kwa mafuta ya kupaka. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikungoja amalize! Kesho yake nilikuwa kwa bwawa la ng'ombe na sufuria. Nikajipaka shingo na mikono, kofia nikaiacha nyumbani, nikaja kupalilia mpaka saa saba. Nilikuwa nanuka, si mnakumbuka? Mlisonga kando kwa heshima.

Jioni nilitoka malengelenge. Pale shingoni pakabaki kidonda, kikakataa kupona. Nilikificha na leso miezi mingi, kiburi tu. Mwishowe nikampigia dada yangu kwa simu ya kibanda, akanivuta mpaka hospitali kule Bungoma. Daktari alisema kitolewe siku hiyo hiyo, kwani kikiachwa kinaweza kuwa kansa. Hapo niliogopa kufa.

Mwalimu alikuja kuniona na chupa ya mafuta ya kukinga jua. Akaniambia, "Mama, kinga iko kweli, lakini iko ndani ya ule ukijani. Lazima itolewe, isafishwe, ipimwe. Wewe umekula mahindi na gunzi lake, bana!" Nilicheka mpaka nyuzi za mshono zikaniuma.

Lakini walioniponya roho ni nyinyi. Nilirudi nikakuta mmebadilisha saa: tunaingia shambani alfajiri, tunatoka saa tatu. Na kila mmoja alikuwa amevaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu, hata wewe unayecheka hapo nyuma. Hakuna aliyesema ni kwa sababu yangu.

Asante dada, asante daktari, asante mwalimu. Asanteni nyote. Ukisikia habari njema, mwache msemaji amalize. Hayo mafuta ya ukijani yakitengenezwa vizuri, nitajipaka wa kwanza.

Kesho zamu ni ya shamba langu. Njooni na majembe. Chai atapika mtu mwingine.