Bi. Farhiya, Mihuri Yake na Ukimya Wetu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Farhiya Jalal anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Kadi ya Kiamunyi kwa miaka ishirini na sita. Alikuja kwa wiki mbili. Ulikuwa msimu wa Krismasi wa mwaka 1999, bahasha zilikuwa nyingi na mikono ilikuwa michache, basi akaombwa asaidie kugundisha bahasha mpaka shughuli zipungue. Hadi leo haijulikani nani alipaswa kumwambia kwamba wiki mbili zimekwisha. Hivyo ndivyo Mwislamu pekee katika karakana yetu alivyokuja kuwa mtengenezaji wetu mkuu wa kadi za Krismasi, na kwa kweli hakuna aliyewahi kumfikia.

Kwa wageni waliohudhuria sherehe hii, naomba nieleze kazi yenyewe. Kadi zetu hazipitii mashine. Odero hukata karatasi ngumu, kisha picha hupigwa kwa mihuri ya mpira iliyopakwa rangi kwa kalamu za wino: ua jekundu, jani la kijani, kila sehemu na kalamu yake. Mihuri yake ya kwanza Bi. Farhiya aliichonga kwa wembe kutoka kwenye soli za ndara zilizokatika. Leo ipo mia moja arobaini na mitatu, ndani ya mikebe mitatu ya biskuti, kwa mpangilio ambao mimi nimeuchunguza miaka tisa bila kuuelewa. Maua ya harusi na maua ya matanga yamo mkebe mmoja. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini vijiko vinakaa na uma.

Mafanikio yake ni mengi, ingawa mengine sijui kama yaitwe mafanikio. Mwaka 2011 hoteli moja ya Naivasha iliagiza kadi za kiboko. Bi. Farhiya alichonga kiboko aliyelala majini, mviringo, macho juu tu. Hoteli ikabadilisha mawazo, kadi zikarudi. Siku chache baadaye wakulima wa viazi wa Mau Narok walipita dukani, wakaziona na kufurahi sana, wakachukua zote mia tatu kwa ajili ya mkutano wao wa mwaka. Odero, aliyekuwa akizifunga, aliigeuza moja huku na huku na kuuliza, "Mathe, hii ni kiboko ama ni waru?" Bi. Farhiya akamjibu kwamba kuanzia saa nne asubuhi hiyo ilikuwa ni waru. Wakulima wale huagiza kiazi chao kila mwaka, na hakuna kati yetu mwenye moyo wa kuwaeleza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi wiki hii. Jumatatu ijayo meza ya Bi. Farhiya inakuwa yangu, pamoja na oda ya kadi mia mbili za harusi. Na Jumanne meneja wetu, Bi. Wangare, aliniagiza nitengeneze kadi ya kumuaga Bi. Farhiya kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikubali haraka haraka. Nikapaka rangi, nikapiga muhuri, na ua likatoka limepauka, nusu lipo na nusu halipo. Nikarudia. Likatoka baya zaidi. Kama siwezi kutengeneza kadi moja ya kumuaga, hizo mia mbili ningezitoa wapi?

Nilijua kasoro iko wapi, au nilidhani najua. Meza ya Bi. Farhiya inaelekea dirishani, kwa hiyo sisi humwona kwa nyuma. Kila akishapaka rangi, huinua muhuri hadi mdomoni, hutulia kidogo, kisha ndipo hupiga. Tangu nilipoajiriwa niliambiwa kwamba hapo ananong'ona maneno. Bi. Wangare anaamini ni dua. Odero anaamini ni jina la atakayepokea kadi. Ephantus, muuzaji wetu, aliligeuza kuwa biashara: huwaambia wateja kwamba kila kadi imesemewa neno, nao humwandikia majina ya wagonjwa wao kwenye vikaratasi ili Bi. Farhiya awataje. Ephantus huviweka mezani bila kusema kitu. Bi. Farhiya naye, tumekuja kujua jana, alidhani vikaratasi hivyo ni majina ya kuandika juu ya bahasha, akawa anayaandika kwa ule mwandiko wake mzuri. Wateja waliyaona, wakaondoka wameridhika kabisa.

Mimi basi nikaanza kunong'ona. Nilisema sala kwa Kiswahili, nikasema kwa Kikuyu. Nililitaja jina la Bi. Farhiya mara saba, muhuri nikiwa nimeushika kifuani kwa heshima. Sala ilivyozidi kuwa ndefu ndivyo ua lilivyozidi kupauka. Odero akajaribu kwa sauti yake ya kwaya, hakuna kitu. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa nimeharibu karatasi thelathini na nane, nikaanza kujiuliza kama Mungu ana neno na mimi.

Mtasema, kwa nini usimuulize? Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyemuuliza, kwa sababu dua ya mtu haiulizwi. Lakini jana Alhamisi niliishiwa karatasi na aibu kwa pamoja. Nilikwenda mezani kwake nikamwomba anifundishe maneno.

"Maneno gani tena, Wamuyu?" akasema. "Hii wino ni ya maji, inakauka haraka. Unaipea pumzi ya moto kidogo, inalainika, unapiga. Haa! Hivyo tu."

Akapaka muhuri, akaupumulia, akapiga. Ua likatoka lote. Nikafanya hivyo hivyo, na la kwangu likatoka lote pia. Karakana nzima ilikuwa imesimama nyuma yetu, na sijui nani alianza kucheka. Bi. Farhiya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatutazama mmoja mmoja, na sasa aliyechanganyikiwa alikuwa yeye.

"Kwa hivyo ndio maana mlikuwa mnanyamaza?"

Ilikuwa kweli. Kila alipoinua muhuri, tulikatiza mazungumzo. Mfanyakazi mpya akiendelea kuongea, tulimkanyaga mguu. Ilikuwa heshima yetu kwake, tukijivunia kwamba tunajua kuheshimu dini ya mwenzetu. Na kwa kuwa Bi. Farhiya huinua muhuri kila dakika mbili, tulikuwa tumenyamaza karibu siku nzima, siku zote.

"Mimi nilidhani ni mimi," alisema. "Nilidhani hamtaki kuongea na mimi. Nikasema sawa, acha niangalie dirisha."

Kwa mara ya kwanza ukimya ule tuliusikia kama alivyousikia yeye. Bi. Wangare alilia waziwazi. Mimi nilikumbuka kwamba katika rasimu ya hotuba hii nilikuwa nimemwita mwanamke wa maneno machache. Nimeufuta mstari huo, na ninaona haya kwamba niliuandika.

Tulibaki na saa tatu za kazi. Odero aligeuza ile meza ikatutazama. Bi. Farhiya alianza kuongea kuhusu mama mkwe wake, akaendelea hadi saa kumi na moja, na nawahakikishia kwamba hakuna mtu mwenye maneno mengi kama yeye Nakuru hii. Kadi yake ya kumuaga tuliitengeneza naye akiwa hapo hapo, kila mmoja akipumulia ua lake, huku akitukosoa kwa sauti kubwa. Maua matatu yamepinda kwa sababu ya kicheko. Tumeyaacha.

Bi. Farhiya, asante kwa miaka ishirini na sita ya kazi safi. Utusamehe kwa heshima tuliyokupa. Tunakutakia afya njema, wajukuu wasumbufu, majirani wapiga domo, na nyumba isiyonyamaza hata kidogo. Na Jumatatu, ukikosa la kufanya, njoo. Kiti chako kiko pale, na sisi sote tutakuwa tunaongea.