Kiuno Hakivuki Mpaka

CANDIDA: Haloo? Nani mwenzangu?

EUPHRASIA: Shangazi yako Euphrasia! Namba yangu umeifuta?

CANDIDA: Shikamoo shangazi. Nimebadilisha simu tu, majina yote—

EUPHRASIA: Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo.

CANDIDA: Milele, amina.

EUPHRASIA: Kelele gani hizo?

CANDIDA: Niko Magogoni, nasubiri pantoni nivuke. Wewe uko dukani?

EUPHRASIA: Nimetoka nje, humo ndani mtandao unakata. Sikia, gauni lako la harusi limekwama.

CANDIDA: Bandarini?

EUPHRASIA: Wala halijashonwa! Gauni lenyewe halina neno, soko huria hili, bidhaa zinavuka tu. Kilichokwama ni kiuno chako.

CANDIDA: Kiuno changu?

EUPHRASIA: Vipimo! Fundi yuko China. Sasa Paras, yule anayetutengenezea kompyuta ya duka, anasema kuna sheria mpya. Taarifa za mtu hazivuki mpaka bila ridhaa yake. Kompyuta imegoma kutuma.

CANDIDA: Na kitambaa?

EUPHRASIA: Kimetoka India, kimeingia China, hakuna aliyekiuliza jina! Nikamwambia Paras, mama yake ameridhia, baba ameridhia, mchumba wako Gaudens mahari ameshamaliza, kamati nzima imeridhia. Ananijibu, hapana mama, mwenye kiuno.

CANDIDA: [anacheka] Yaani naulizwa mimi?

EUPHRASIA: Wewe. Kwa hiari, bila kushurutishwa. Imeandikwa hapo kwenye kioo.

CANDIDA: Hebu rudia, unakatika.

EUPHRASIA: Kwa hiari! Bila kushurutishwa!

CANDIDA: Mara ya kwanza kuulizwa hivyo.

EUPHRASIA: Nini? Sikusikii. Sema ndiyo basi, salio linaisha. Jumuiya nzima tumeanza novena kwa ajili yako.

CANDIDA: Mnaniombea nini?

EUPHRASIA: Mungu afungue njia.

CANDIDA: Shangazi, hiyo kompyuta ukiiambia hapana, inafanya nini?

EUPHRASIA: Inafuta vipimo.

CANDIDA: Basi? Haigombi?

EUPHRASIA: Igombe ina ukoo?

CANDIDA: Haya. Mwambie Paras siridhii.

EUPHRASIA: Huridhii vipimo tu, au... Candida? Vipimo tu, si ndiyo, mwanangu?

CANDIDA: Pantoni limefika, shangazi.

EUPHRASIA: Yesu wangu! Subiri— Gaudens nitamwambia nini mimi?

CANDIDA: Mwambie kompyuta imekataa.

EUPHRASIA: We mtoto, salio lang—

[Simu imekatika.]