Philemon Kahindi, Aliyeikingamia Sinema ya Serikali

Ndugu waombolezaji mliokusanyika hapa ukingoni mwa mto, nawe Bwana Karani uliyetumwa na ofisi ya serikali kutusikiliza, familia inawakaribisha.

Marehemu Philemon Kahindi alizaliwa Chara tarehe 12 Februari 1903, ingawa serikali ilimwandika 1910 na haikukubali kamwe kwamba ilikosea, akiwa mjukuu wa Dama, mwanamke aliyetoroka shamba la watumwa kule kusini na wenzake kumi na mmoja, wakauvuka mto huu ukiwa umefurika, wakajipa uhuru miaka mingi kabla ya wakubwa kutangaza kwamba wamewapa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1913 hadi 1917, na tarehe 3 Mei 1926 akaajiriwa kwenye kivuko cha Garsen, alikovuta kamba miaka ishirini na minane, akivusha malori, ng'ombe na mabwana waliomwita boi hata alipoota mvi. Alimwoa Mbeyu tarehe 14 Julai 1928, wakajaliwa watoto watano.

Kila mwaka baada ya mavuno ya mpunga aliwaongoza watu kuigiza kuvuka kule, na desturi ni kwamba anayeigiza nokoa, yule msimamizi wa watumwa, hali chakula mpaka apite nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kazi iliyomwangukia rafiki yake Huka Bonaya miaka tisa mfululizo, kwa kuwa, kama Mbeyu alivyomtania, "shemeji, sura unayo tayari."

Tarehe 6 Oktoba 1956 likaja gari la sinema la serikali, na mpiga picha, akisema jua ni zuri zaidi upande ule, akawataka wavuke kuelekea kusini, Huka akamwuliza, "Bwana, huko ndiko tulikotoroka, sasa watutaka turudi?" naye akajibu kwamba katika picha mto hauna kusini wala kaskazini. Marehemu, aliyejua pande za mto huu kuliko mtu yeyote, alikubali, kwa kuwa aliahidiwa pwani nzima itamwona Dama, na kwa kukubali huko alijilaumu hadi kufa.

Tarehe 9 Machi 1957 tulionyeshwa picha hiyo Garsen, juu ya shuka jeupe, tukawaona wazee wetu wakikimbia kurudi utumwani, wakipokelewa na afisa mwenye kofia, ambaye alipigwa picha kwingine na hata mto huu hajaukanyaga, akiwagawia uhuru kwa karatasi. Marehemu akaenda kusimama mbele ya shuka, akasema, "Nyanya yangu hakupewa na mtu! Alivuka!" Kwa maneno hayo alifungwa miezi sita, kosa likiwa kuvuruga burudani ya umma.

Alitoka kifungoni na kifua kibovu, akafariki Jumanne, tarehe 19 Agosti 1958, katika zahanati ya ng'ambo ya kusini. Picha ile bado inazungushwa mashuleni, na aliyeipiga, tunasikia, amepandishwa cheo.

Tuliomba kibali cha kuigiza kuvuka kule leo, tukajibiwa kwamba mikusanyiko yote imekatazwa isipokuwa mazishi, nasi tunaishukuru ofisi kwa hilo neno isipokuwa. Tunamshukuru dresa aliyemuuguza, majirani waliopika, na wavuta kamba wenzake, ambao sasa hivi wako ng'ambo na jeneza lake mtumbwini, wakingoja tumalize kusoma.

Bwana Karani, andika vizuri: wanatoka kusini, wanakuja kaskazini.

Vuka, baba, upumzike.