Nilitumwa, Sikumwiba Mtoto

Asalaam alaykum, dada zangu. Leo sikuleta sambusa, nimeleta maneno, na sauti ikinikatika mnivumilie. Mlisikia hapa Ibra, Omani hii, kwamba kuna mfanyakazi wa nyumbani, mtu wa Tanga, amekamatwa kwa kumteka mtoto wa watu. Baadhi yenu mnajua, wengine hamjui: ndiye mimi, huyu mnayekula naye wali kila Ijumaa.

Nilikuwa kwa bibi mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Unguja, akilea mjukuu wake mdogo wa kike. Wazazi wa mtoto wanafanya kazi Maskati, hurudi mwisho wa wiki. Kiswahili hawakijui, na Kiarabu changu mnakijua wenyewe, ni cha jikoni. Namba ya simu niliyokuwa nayo ilikuwa ya bibi peke yake.

Asubuhi moja bibi akaanguka. Jirani akaita gari la wagonjwa. Mdomo wake umeshaanza kwenda upande, bibi akanivuta mkono, akaniambia kwa Kiswahili, jirani haelewi, "Mchukue mtoto umpeleke kwa dada yangu kule Al Qabil. Mtilie na nguo zake." Wakambeba, na simu yake ikaenda naye.

Mtu mzima amekutuma, utauliza nini tena? Nikafungasha nguo, nikafunga mlango, nikapanda teksi na mtoto. Kufika Al Qabil, nyumba ya dada yake imefungwa. Kumbe mwenyewe alikwenda Nizwa kwa binti yake. Nikakaa mlangoni, mtoto analia, na mimi namlilia yeye. Jirani wa pale alipoona mwanamke mweusi na begi, na mtoto wa Kiarabu analia, akapiga simu polisi. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Mama wa mtoto alikuwa amekimbia kutoka Maskati baada ya kuambiwa bibi ameanguka, akakuta nyumba tupu na nguo za mwanawe hazipo. Alipoingia kituoni analia, mie nikafanya nilivyolelewa: mkubwa akilia mbele yako, unapiga magoti, unaomba radhi kwanza, maelezo baadaye. Nikamshika miguu. "Samhini, mama, samhini." Nisamehe. Nawaambieni, dada zangu, hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Wote mle ndani walisikia mwizi anakiri.

Nikawekwa ndani. Shtaka ni kuteka mtoto, na kifungo chake kinaweza kumaliza ujana wa mtu. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na subira. Nilikata tamaa. Nilikuwa nasali, nafika katikati nasahau nasali nini. Nilimwomba Mungu anichukue mle mle, mama yangu aambiwe nimekufa kwa homa, asisikie neno jela.

Wakaniletea maelezo ya Kiarabu nitie sahihi. Nikashika kalamu, maana nilitaka yaishe tu. Dada mmoja wa Mombasa niliyefungwa naye alikuwa amenionya: "Wee, usitie sahihi kitu hukielewi. Dai mkalimani, ni haki yako." Nikaiweka kalamu chini. Nikadai mkalimani.

Akaja mkalimani, mama wa makamo, Kiswahili chake cha Unguja ya zamani. Nikamwamkia shikamoo, nikaangua kilio. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Kuonekana na mtoto si kumteka. Watataka kujua nani alikupa, na ulikusudia nini. Nieleze tangu mwanzo. Na radhi usiombe tena kwa usilolifanya."

Nikaeleza yote. Mwendesha mashtaka akauliza, huyo bibi yuko wapi? Baba wa mtoto akajibu kwamba mama yake tangu aanguke hasemi neno la maana, anapayuka tu.

Mkalimani akaomba aende hospitali na mwendesha mashtaka. Mwenyewe alinisimulia baadaye. Bibi alikuwa amelala, Kiarabu chote kimemtoka, kimebaki Kiswahili cha utotoni. Siku zote hizo, huku mwanawe amekaa kitandani pake bila kuelewa, bibi alikuwa akirudia jambo moja: "Nimemtuma mimi ampeleke mtoto. Nimemtuma mimi ampeleke mtoto."

Dereva wa teksi naye akaeleza kwamba nilimwonyesha njia bila kujificha. Shtaka likafutwa.

Namshukuru yule dada wa Mombasa, ambaye bado yuko ndani, mwombeeni. Namshukuru mkalimani, na nyinyi mliokuwa mkiniletea chakula hata kabla hamjajua kama ni mwizi au si mwizi. Wenzangu, kila mmoja awe na namba za wazazi wa mtoto anayemlea. Ukitumwa, mjulishe na mwingine. Adabu tuliyofunzwa ni nzuri, lakini mbele ya polisi sema kilichotokea kwanza.

Siku nilipotoka, mama wa mtoto alinipokea mlangoni pa kituo. Akanipeleka mwenyewe hospitali, mtoto kampakata. Bibi alikuwa hasemi tena, macho tu. Kwetu mtu akitumwa lazima arudishe jibu, na mie jibu langu lilikuwa limechelewa sana. Nikamchukua mtoto, nikamweka ubavuni pake.

"Bibi, nimerudi. Mtoto huyu hapa."