Melchior Syauswa, Mufundi wa Furu Isiyotia Moshi

Melchior Syauswa, tunayemuzika leo hapa Bulengera, alizaliwa Kanyabayonga tarehe 6 Machi 1951, mutoto wa kwanza wa Apollinaire na Florentine, wakulima. Mimi ninayesoma ni Josaphat, mudogo wake. Familia iliniomba niandike maisha yake. Ningependa mwingine aandike, na mutasikia sababu.

Alisoma shule ya musingi Kanyabayonga, akaanza masomo ya ufundi Butembo mwaka 1966. Baba yetu alipofariki mwaka 1968, Melchior aliacha shule ili alime, nami nikaendelea hadi diploma, nikawa mwalimu wa ufundi. Hakunikumbusha jambo hilo hata siku moja.

Mwaka 1972 alienda Beni kukausha utomvu wa mapapai, unaouzwa kwa viwanda vya dawa. Kazi ilimuumiza roho: moshi wa kuni uligeuza utomvu kuwa wa kahawia, na wanunuzi waliukataa. Tarehe 9 Agosti 1975 alimuoa Berthe Kavuo kanisani Bungulu. Walihamia hapa Bulengera, wakazaa Nadège na Timothée.

Mwaka 1994 alijenga furu mpya, yaani tanuri la kukaushia utomvu. Moshi ulipita ndani ya bomba chini ya sinia za utomvu, ukatoka inje, joto likabaki. Bati la bomba la kwanza alilikata kwenye beseni kubwa la Mama Berthe.

"Melchior, sasa batu ya hii nyumba bataoga mu nini?"

Akamuonyesha utomvu mweupe kama unga wa muhogo. Mama alicheka, na walioga kwa ndoo mwezi muzima.

Mwaka 1996 aliomba brevet Kinshasa, yaani hati ya kumulinda mvumbuzi ili wengine wasichukue kazi yake. Bureau, ofisi inayotoa hati hizo, ilitaka maoni ya mwalimu wa ufundi wa huku, ikaniandikia mimi. Nilijibu kwa mustari mumoja: "Ni jambo la wazi, kila fundi angeliwaza." Mimi sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa na diploma, na wivu. Mei 1998 walikataa ombi lake kwa maneno yaleyale, bila kutaja aliyeyaandika.

Alileta barua kwangu. "Mudogo wangu, kama iko wazi, juu ya nini tulitupa utomvu miaka makumi mbili? Weye unajua Kifaransa. Uniandikie rufani."

Nikaandika, bila kumuambia kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Yeye alipanda kinga yake, baiskeli ya zamani, hadi Beni, akivuka vizuizi vya askari, akarudi na ushuhuda wa wakaushaji kumi na saba. Bahasha iliondoka kwa ndege Julai 1998. Mwezi uliofuata vita ikakata inchi vipande. Jibu halikuja. Wafanyabiashara walijenga furu kama yake, na alipowauliza walimujibu kwamba ni kitu cha wazi.

Kisukari kilimushika mwaka 2000. Njia zilifungwa, dawa zikakosekana, macho yake yakafifia. Juni 2003 musafiri alileta jibu kutoka Kinshasa: rufani imekubaliwa. Maoni ya Mwalimu Josaphat, waliandika, yamewekwa kando, kwani jambo la wazi halingewashinda wakaushaji wote wale muda murefu hivyo.

Melchior aliniita nimusomee. Nilisoma yote, nikaruka jina langu.

"Ni yote?"

"Ni yote, yaya," nilimujibu kaka yangu.

Alinishika mukono. "Aksanti, mudogo wangu."

Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 2 Julai 2003. Kesho yake Mama Berthe aliniambia: "Nadège alikuwa amesha kumusomea barua yote mbele ya weye kufika. Alikuita ili uiseme ile kweli weye mwenyewe."

Ninaisema leo, mbele ya sanduku lake.

Ameacha mujane wake Berthe, watoto wawili, wajukuu watano, na mudogo mumoja ambaye yeye Melchior alimungojea aseme, hadi siku ya mwisho.

Yaya Melchior, Mungu akupe amani, upumzike.